Wifi yangu wa Kifilipino na akina mama wenzake wanaojitolea mtaani: maisha ya kila siku Marikina

MkeWaBaharia:

Wakuu salaam. Mi ni Mtanzania nimeolewa huku Ufilipino, tunaishi Marikina, ni mji ulio ndani ya jiji kubwa la Manila upande wa mashariki, unajulikana kwa mafundi viatu na kwa mafuriko. Mume wangu ni baharia kama walivyo Wafilipino wengi, kwahiyo muda mwingi yuko majini na mi nakaa na dada yake mkubwa na familia yake, na ndo huyo wifi ninayetaka niwasimulie leo, yeye na wenzake wa mtaani. Humu Ufilipino ikitajwa utasikia mahausigeli wa Dubai na Doha, manesi, mashindano ya urembo basi, sijaona mtu kaandika hawa watu kwao wanaishije na wanasaidianaje. Uzi ni mrefu, kaeni mkao wa kula.

Wifi ana watoto watatu, binti wa darasa la sita, wa kiume wa darasa la pili, na kitinda mimba wa kike ndo kwanza anajifunza kuongea. Mume wake ni dereva wa jeepney, zile daladala zao ndefu za mabati zenye rangi kila aina. Mama mkwe pia tunae humu humu ndani. Nyumba yenyewe ndogo, chini jiko na sebule, juu tunapolala, na siku za joto kali wote wanashuka wanatandika mkeka chumba kimoja chenye feni maana umeme wa huku ni ghali, basi utakuta miguu ya watoto imepandana na bibi yao anapepea mjukuu kwa kipepeo cha ukili feni ikielekea upande mwingine.

Asubuhi wifi anaamka saa kumi na moja. Wali kiporo wa jana anaukaanga na vitunguu saumu vingi mpaka harufu inapanda juu kutuamsha, pembeni kuna samaki wakavu wa chumvi wanaitwa tuyo wanachovywa kwenye siki, aliyekulia ng'onda hatapata shida hapo kabisa. Yule wa kiume anatumwa pandesal, vimikate vidogo vya moto vinawekwa kwenye mfuko wa karatasi, na kila siku akifika vimepungua na hakuna anayemuuliza. Afu sasa ndo inakuja sehemu ninayoipenda, kabla watoto hawajatoka wifi anamshika kila mmoja bega anamgeuza, anamwingizia kitaulo kidogo mgongoni ndani ya shati la shule, kinabaki kimechungulia kwenye kola, kazi yake kunyonya jasho ili lisikaukie mwilini mtoto akaanza kukohoa. Mwanzoni niliona watoto mtaa mzima wana vitaulo shingoni nikajiuliza ni sare au nini. Binti mkubwa saizi anaona aibu mbele ya wenzake, anakitoa akifika kona, mama yake anajua na bado kila asubuhi anamwekea, na jioni anakikuta kwenye begi kimekunjwa vizuri hakina hata tone la jasho anakitundika tu kimya kimya.

Wakirudi jioni mtoto haruhusiwi kupita moja kwa moja kwenda kwenye maji, anaanza kwa bibi, anachukua mkono wa bibi anaugusisha kwenye paji la uso wake na bibi anambariki. Sie tuliolelewa na shikamoo tunaielewa bila kufundishwa. Na chakula kikiwa mezani hapiti mtu mlangoni bila kukaribishwa, aliyeleta gesi, jirani, mwenye kukusanya hela ya maji, wote wataambiwa karibu tule na wifi anamaanisha, sahani ya ziada iko karibu. Usiku mume wangu akipata mtandao huko majini anapiga video, simu inaegeshwa kwenye chupa ya siki katikati ya meza na tunakula nae hivo hivo, yeye na sahani yake ya melini, sisi na yetu, watoto wanagombania nani akae mbele ya kamera.

Ijumaa ni choroko. Kweli kabisa, Wafilipino wengi Ijumaa wanapika choroko, wao wanaita monggo, na ndani wanatia majani ya mlonge. Mara ya kwanza kuona mlonge umepandwa nje kwenye uzio watu wanachuma tu mboga bila kuambiana habari za dawa za kisukari na presha nilifurahi sana.

Sasa huyu mama, pamoja na yote hayo, ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Ngoja nile kwanza nakuja na hiyo.

Kibonge wa Tanga:

Dada niko palee nasubiri. Choroko na mlonge Ijumaa, kwetu Ijumaa pilau lakini nimewaelewa. Hapo kwenye kitaulo nimemkumbuka marehemu mama alivyokuwa ananipaka mafuta ya nazi mpaka miguu inang'aa ndo niende chuo.

Nyakato_Mwanza:

Huyo mhudumu wa kujitolea ndo kama hawa wetu wa kata wanaogawa vyandarua? Fafanua bi dada.

MkeWaBaharia:

Nimerudi. Mkuu wa Nyakato, ndio wanafanana, ila huku mfumo una mizizi ya muda mrefu na ngoja niueleze maana bila kuelewa barangay hutaelewa kitu.

Barangay ni ngazi ya chini kabisa ya serikali, kama mtaa au kijiji chetu, nchi nzima ziko kama 42,000. Ina kapteni wake na madiwani wake wanachaguliwa kwa kura, ina ofisi, na mara nyingi ina kituo kidogo cha afya. Kinachofanya ile ofisi iende ni watu wa kujitolea. Kuna tanod, hao ni walinzi wa usiku, ukiwaona na virungu vyao na tochi utasema sungusungu. Kuna wa lishe, sheria yao ni ya mwaka 1978, inataka kila barangay iwe na angalau mmoja. Na kuna wahudumu wa afya, ndo kundi la wifi, hawa wana sheria yao ya mwaka 1995 inayowatambua, inasema wapate mafunzo, wapate posho za mazingira magumu na za kujikimu, na akitumikia miaka mitano anahesabiwa amefuzu ngazi fulani ya utumishi wa umma hata kama hakufanya mtihani wa serikali. Mshahara hakuna. Posho inategemea barangay na halmashauri ina hela kiasi gani, kuna sehemu wanapata cha kueleweka na kuna sehemu ni kama hela ya vocha tu.

Kazi wanayofanya. Wifi akishamaliza wali na vitaulo vyake, anavaa tisheti ya kazi, anabeba begi lenye mashine ya presha, utepe wa kupima mkono wa mtoto, kalamu mbili na daftari. Hilo daftari wakuu. Ni kaunta buku kubwa limefungwa na mpira wa nywele wa bintie, na ndani yake kuna kaya zote za eneo lake, nyumba kwa nyumba. Nani mjamzito na ana wiki ngapi, nani ana presha na dawa zake zinaisha lini, mtoto gani hajamalizia chanjo, babu gani haamki kitandani, nani anakohoa wiki ya ngapi saizi apelekwe kupimwa kifua kikuu. Ameandika kwa mkono wake na pembeni kuna alama zake ambazo yeye tu na wenzake ndo wanazijua.

Nishatoka nae mara kadhaa. Kila mwanzo wa mwaka kuna zoezi la nchi nzima la kupima uzito na urefu watoto wote walio chini ya miaka mitano, linaitwa Operation Timbang. Usidhani mtoto anaitwa kituoni halafu asiyekuja shauri yake. Wanaenda mlangoni. Mlango mmoja tulifika mama wa mtoto hakutaka kabisa, alishasema mara ya kwanza hapana, mtoto mwembamba na mama anajua atasemwa, wifi wala hakutaja mizani, akakaa kwenye ngazi akaomba maji ya kunywa, akauliza habari ya mume aliyeko Saudia, akamsifia sufuria lake linavyong'aa, wakaongea weee, mwisho yule mama mwenyewe ndo akasema haya basi mpime. Kilo zilikuwa chini. Wifi akaandika, hakupandisha hata nyusi, akamwambia tu kesho kuna uji kwa jirani yangu njoo na bakuli lako.

Huo uji ndo mwingine wa kuusimulia, wa mchele wenye tangawizi nyingi na vipande vya kuku, na majani ya mlonge juu. Kuna sheria ya mwaka 2018 inayotaka watoto wenye utapiamlo wa vituo vya kulelea na shule za msingi wapewe mlo wa ziada siku zisizopungua 120 kwa mwaka, serikali inatoa fungu, lakini kuni, mwiko, mikono ya kumenya vitunguu na jasho la kukoroga vinatoka kwa akina mama. Wanapika nje ya nyumba ya mmoja wao, wanaongea umbea, wanacheka, saa nne watoto wanapanga foleni na vibakuli vya rangi rangi.

Na mwaka 2019 polio iliporudi Ufilipino, miaka 19 baada ya nchi kutangazwa haina polio, ni hawa hawa walipita mlango kwa mlango na matone, wakirudi na kurudi kwa waliokataa, mpaka katikati ya 2021 mlipuko ukatangazwa umeisha. Tena wakati huo huo korona imebana, nchi imefungwa.

shangazi_wa_Ruaka:

Aki hapo kwa ngazi na maji ya kunywa nimemwona kabisa mama yangu mdogo, yeye pia ni CHP, yaani mhudumu wa afya wa jamii, huku Kiambu. Wetu tangu 2023 wako kama laki moja nchi nzima, wamepewa mabegi ya vifaa na simu, na kuna kitu kidogo wanalipwa, serikali kuu inatoa nusu na kaunti nusu, ingawa kuchelewa nako si haba. Kabla ya hapo alifanya miaka mingi bure kabisa na watu walikuwa wanamuuliza unapata nini. Endelea dadangu, mafuriko sasa, umeyataja ukayaacha.

MkeWaBaharia:

Shangazi asante, mpe salamu mama mdogo kutoka Marikina.

Mafuriko. Mto Marikina unapita katikati ya mji na watu wanaujua kwa mita kama sie tunavyojua bei ya unga. Mita 15 king'ora cha kwanza, jiandae. Mita 16 cha pili, anza kuhama. Mita 18 cha tatu, hapo ni lazima kila mtu wa mabondeni atoke. Watoto wadogo kabisa wanajua hizo namba. Tarehe 26 Septemba 2009 kimbunga walichokiita Ondoy kilimwaga milimita 455 ndani ya saa 24 na mto ukafika kwenye mita 21 na nusu, mwaka 2020 mwezi Novemba kikaja Ulysses ukafika 22, katikati ya korona, watu wakakwama juu ya mapaa. Wifi anahesabu maisha yake kwa hayo majina, huyu alizaliwa baada ya Ondoy, friji hili tulinunua baada ya Ulysses.

Mi nilikuwepo Julai 2024, kimbunga Carina. Chenyewe wala hakikutupiga moja kwa moja, kilivuta tu mvua za msimu zikamwagika Manila nzima, na tarehe 24 mto ukapita mita 20. Sasa sikilizeni. King'ora cha pili kilipolia wifi alikuwa anakaanga mayai. Akazima jiko, akampa mama mkwe kitinda mimba, akaniambia mi nipandishe mchele na vyeti vya watoto juu, akachukua daftari akaliweka kwenye mfuko wa nailoni akalifunga mara mbili, akatoka. Watoto wake walikuwa wananiangalia mimi, binti mkubwa akasema mama anaenda kuchukua wazee.

Na kweli. Yeye na wenzake na wale tanod walipita kwa kufuata daftari, hawakuanza tu nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho kama mtu anayegawa kadi za harusi. Walianza na yule babu asiyeamka, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne wakashika miguu ya kiti wakambeba juu ya mabega maji yakiwa magotini, mke wake nyuma ameshika mwavuli anamkinga yeye, mwenyewe analowa. Kisha wajawazito walio miezi ya mwisho. Kisha mama mmoja wa sindano za kisukari, wifi alikuwa ameshaandaa kikasha cha kubebea barafu maana dawa ile haitaki joto. Kisha wenye watoto wachanga. Wengine wote wenye miguu mizima walijitoa wenyewe.

Tulilala shule ya msingi, madarasa yamegeuzwa makazi, kila familia na kihema chake kidogo ndani ya darasa, maboksi yamefunguliwa yametandikwa chini. Wifi hakulala. Alikuwa anapita na mashine ya presha, anahesabu watu, anauliza nani hajala, anatuliza watoto. Muda fulani alikuja kwetu akamshika mwanae wa kiume mgongoni, akakuta umelowa, akatoa kitaulo sijui alikitoa wapi akamwingizia, akaondoka tena.

Maji yalipotoka ndo kazi ikaanza upya, matope yanafika kwenye vitasa, na kuna ugonjwa unaitwa leptospirosis unatokana na mkojo wa panya kwenye maji ya mafuriko, unaingilia hata kwenye kidonda kidogo mguuni na unaweza kuua figo. Wiki chache baada ya Carina hospitali za Manila zilijaa wagonjwa wake. Vituo vya afya vinatoa vidonge vya kinga kwa waliokanyaga maji, shida watu hawaendi kuvichukua, vijana hasa, wanasema mi mzima. Wifi na wenzake walikuwa wanasimama njiani wanaangalia miguu ya watu. Unapita na kandambili una mkwaruzo, unaitwa, unasemwa kama mtoto wao, unapelekwa kituoni ukiwa umeshikwa mkono.

Mtu mmoja lazima nimtaje kwasababu huku hawajamsahau. Siku ile ya Ondoy, jirani na sisi upande wa Quezon City, kijana wa miaka 18 fundi ujenzi, Muelmar Magallanes, alijifunga kamba kiunoni akavusha ndugu zake, akarudi kwa majirani, wanasema aliokoa watu zaidi ya 30. Alishapumzika sehemu salama akaona mama na kichanga wanachukuliwa na maji, akaruka tena, akawafikisha, na yeye maji yakamchukua. Mama mkwe kila Septemba anamwashia mshumaa, na hakuwahi kumjua.

Kibonge wa Tanga:

Nimesoma nimesimama, we acha tu. Kijana wa miaka 18. Mungu amlaze pema.

Mzee_wa_Hoja:

Bi dada umeandika vizuri na nawaheshimu hao akina mama, ila mi naomba tuseme ukweli. Hiyo ni kazi ya serikali. Mtu anabeba wagonjwa, anachanja, anapima, anaokoa watu mafuriko, afu unamwita mtu wa kujitolea ili usimlipe. Tukiwasifia sana wakubwa wanafurahi maana wamepata kazi ya bure. Na kwanini ni wanawake tupu?

MkeWaBaharia:

Mzee hoja yako ina uzito na wao wenyewe wanaisema. Miaka na miaka wanadai sheria mpya itakayowapa posho ya uhakika na kinga ya kazi, maana sehemu nyingi kapteni mpya akiingia baada ya uchaguzi anaweza kuwatoa wote akaweka watu wake, na miaka 15 ya kujua kila mlango ikapotea hivo hivo. Hilo mi linaniuma sana. Daftari unaweza kumkabidhi mtu, lakini ile ya kukaa kwenye ngazi ukaomba maji humkabidhi mtu. Walipwe, tena walipwe vizuri, wala kuwasifia hakupingani na hilo, mi naona asiyewajua ndo rahisi kuwanyima.

Kuhusu wanawake, wahudumu wa afya ndio wengi ni akina mama, ila tanod wengi ni wanaume, na zimamoto pia. Pale Binondo, mtaa wa Wachina wa Manila ulioanza 1594, kuna vikosi vya zimamoto vya kujitolea vya Wafilipino wenye asili ya China, magari yao wenyewe, mafunzo yao wenyewe, mchana mtu anauza duka la vipuri na kengele ikilia anavaa koti anaondoka.

Na si mambo ya shida tu. Wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa kuna Brigada Eskwela, ilianza 2003, wazazi wanaenda shule za serikali kupiga rangi, kutengeneza madawati, kufyeka. Mume wa wifi huwa halazi jeepney yake hata Jumapili lakini wiki hiyo anailaza siku mbili anakwenda kuchomelea madawati. Kuna na Efren Peñaflorida wa Cavite, yeye na wenzake walianza wakiwa sekondari mwaka 1997, wakaja kuwa wanasukuma mkokoteni wenye vitabu na ubao kwenda kufundisha watoto wa makaburini na majalalani, mwaka 2009 CNN wakamchagua shujaa wa mwaka.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni cha Aprili 2021. Korona imebana, watu hawana kazi, dada mmoja anaitwa Ana Patricia Non akaweka mkokoteni wa mianzi mtaa wa Maginhawa, Quezon City, una mchele kidogo, mboga, makopo, barakoa, na kibao kimeandikwa toa kwa kadiri ya uwezo wako, chukua kwa kadiri ya mahitaji yako. Hakuna mlinzi, hakuna fomu. Wakulima wa Paniqui huko Tarlac, watu ambao wenyewe hawana kitu, wakaleta viazi vitamu. Ndani ya siku chache mikokoteni ya hivo ikatokea nchi nzima, mamia kwa mamia. Kuna waliomwita mkomunisti mpaka akasimamisha kwa hofu ya usalama, kesho yake akafungua tena. Wifi nae na wenzake waliweka meza yao hapa kwetu, meza ya kulia chakula ya nyumbani kwake waliitoa nje kabisa, familia ikawa inakula chini kwenye mkeka. Anasema kuna mzee muuza mihogo alikuwa kila jioni anaacha iliyobaki na kuchukua yai moja, moja tu, hata wakimlazimisha mawili anakataa.

shangazi_wa_Ruaka:

Hiyo ya yai moja imenifanya nilie kwa ofisi jamani.

Nyakato_Mwanza:

Na watoto wake wanamwonaje? Maana mzazi akiwa wa watu wote watoto nao wanaumia, mi baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji tulikuwa tunamwona kwa bahati.

MkeWaBaharia:

Swali zuri mkuu. Kuna siku wanalalamika, hasa wa kiume, kuna michezo ya shule mama hakufika na alinuna siku mbili. Ila niwape moja. Huku mwisho wa mwaka wa masomo mtoto akifanya vizuri anaitwa jukwaani na mzazi wake, mzazi ndo anamvalisha medali. Wamama wengine wanakuja wametoka saluni, magauni ya sherehe. Wifi alikuwa kwenye chanjo asubuhi ile, akachelewa, akaingia mbio na ile tisheti ya kazi na begi la presha begani, kandambili. Nikamwangalia binti, nikadhani ataona aibu kama anavyoonea aibu kitaulo. Binti akashuka ngazi za jukwaa akamfuata mama yake katikati ya ukumbi, akamshika mkono wakapanda wote. Na pale ukumbini nusu ya wazazi wakaanza kupiga makofi kabla jina halijasomwa, maana watoto wao walishapita kwenye mizani yake. Mama mkwe alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. Wifi mwenyewe hakulia, alikuwa anahangaika na pini ya medali.

Kijana wa Mbagala:

Dada mi sina mengi, nimesoma uzi wote nikiwa kwenye mwendokasi. Mtaani kwetu mvua zikija ni hivo hivo, maji yanaingia ndani, na kuna wazee. Tuna mjumbe, tuna vijana hawana kazi, hatuna hela. Tunaanzia wapi?

MkeWaBaharia:

Mdogo wangu anzeni na daftari. Hela hamhitaji, buku mbili tatu za kaunta buku na kalamu. Tafuteni wamama wawili au watatu ambao wanaingia nyumba za watu bila kubisha hodi ya kiserikali, kila mtaa wapo, mara nyingi ni wale wa vicoba au wa misibani wanaoshika sufuria kubwa, hao ndo waandike, vijana msianze nyinyi watu watawaogopa. Waandike nani hawezi kutembea, nani mjamzito, nani ana dawa za kila siku, nani ana vichanga, na funguo za nyumba ya bibi anayekaa peke yake anazo nani. Mwambieni mjumbe na mtendaji ili msionekane mna jambo lenu. Na kama hapo kwenu kuna wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mpango ulioanza 2024 mshirikisheni yeye wa kwanza.

Halafu vijana wajigawe, fulani na fulani mvua ikizidi wanaenda kwa babu fulani, majina kabisa yaandikwe, maana likiachwa kuwa la wote kila mtu atajua kuna mwingine ameenda. Kubalianeni mapema mnapeleka watu wapi, shule au msikiti au kanisa lililo juu, na mwenye ufunguo awe anajua.

Kijana wa Mbagala:

Nimekusoma dada. Jumamosi kuna kikao cha usafi nitalipeleka, mama yangu ndo hao wa sufuria kubwa. Kingine cha kuongeza kwenye daftari?

MkeWaBaharia:

Namba ya mwenye bajaji anayelala karibu. Wifi anayo kwenye jalada kabisa, ukurasa wa kwanza, wajawazito huwa hawasubiri kukuche.